Ishara za Ukubwani: Nakuru na Lugha Iliyokulia Bwenini

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kufikia 1904 palikuwa pametambuliwa rasmi kuwa mji. Tangu siku hizo riziki ya mtu wa Nakuru imetoka kwenye kelele. Palikuwa na karakana za treni za mvuke na viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon na Molo. Palikuwa na mashine za kusaga ngano, matrekta ya mashamba ya Njoro na Rongai, na baadaye mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kuanzia asubuhi hadi giza liingie. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kelele kazini, inayosema mfanyakazi asikae kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane za siku, ilikuja 2005. Wengi waliotumikia msumeno na boila walikuwa wamekwisha kustaafu, wamerudi Bahati au Subukia, na watu wa nyumbani wameshazoea kuwapigia kelele ili wasikie.

Kelele si chanzo pekee. Wapo waliopoteza masikio hospitalini, walikoenda kuokolewa roho. Kuanzia miaka ya 1950 Afrika Mashariki iligeuka uwanja wa majaribio makubwa ya dawa za kifua kikuu, yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Sindano ya streptomaisini ndiyo iliyokuwa tegemeo. Iliponya mapafu ya maelfu, lakini ni dawa inayoweza kuharibu sikio la ndani, na mtu huamka siku moja akipepesuka kama mlevi na huku sauti zimeanza kufifia. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyerudiwa na ugonjwa aliandikiwa sindano hizo kwa miezi miwili, na ni mwaka 2017 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilishauri utaratibu huo uachwe. Kuna pia homa ya uti wa mgongo, ambayo huweza kumwacha mtu mzima kiziwi kabisa katika muda wa siku chache. Na kuna uzee wenyewe: kwa hesabu za shirika hilohilo, katika kila watu wanne waliopita miaka 60, zaidi ya mmoja ana upungufu mkubwa wa kusikia.

Watu hawa walikwenda kujifunza wapi namna nyingine ya kuzungumza? Kenya si nchi isiyojua kumfundisha mtu mzima. Mwaka 1979 serikali ya Rais Moi ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, na kila kata ikapata darasa la gumbaru, wazee na akina mama wakikaa kwenye madawati ya watoto jioni. Mwaka 2004, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo akiwa na miaka 84, kaptura na soksi ndefu, na dunia nzima ikamtazama. Lakini mpasua mbao wa Elburgon aliyeziwika akiwa na miaka 50 hakuwa na gumbaru yake. Lugha ya ishara ilikuwapo nchini, tena umbali wa nauli ya matatu tu kutoka kwake. Shida ni kwamba ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watoto, ndani ya shule za bweni, na kwa Kiingereza.

Chama cha Kenya cha Watoto Viziwi kiliundwa 1958, na jina lenyewe linaonyesha nani aliyefikiriwa. Mwaka 1961 zikafunguliwa shule za Mumias na Nyang'oma, zote magharibi mwa nchi, zote mikononi mwa Kanisa Katoliki. Kambui, karibu na Kiambu, ikafuata muda mfupi baadaye chini ya Wapresbiteri. Walimu waliokuja walikuja na imani iliyotawala Ulaya tangu mkutano wa Milano wa 1880, ambapo waelimishaji, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walipiga kura kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na ishara ziondolewe darasani. Mtoto aliwekwa mbele ya kioo, akashikishwa koo la mwalimu ili ahisi mtetemo wa herufi. Wengi waliosoma enzi hizo husimulia kwamba kuinua mikono darasani kulikuwa kosa la kuchapiwa.

Basi mikono ikahamia bwenini. Usiku, chini ya taa, kwenye foleni ya uji, uwanjani, watoto kutoka makabila yaliyokuwa hayajawahi kuzungumza pamoja walikutanisha ishara walizotoka nazo nyumbani na kuzifanya moja. Mkubwa alimfundisha mdogo. Mwalimu hakuwepo, mtaala haukuwepo, na hakuna mtu mzima aliyealikwa. Wanaisimu waliokuja kuichunguza lugha hii baadaye walikuta mfumo kamili, wenye sarufi yake na lahaja zake; ishara za magharibi zinatofautiana na za Nairobi na pwani mahali kadha wa kadha, kama vile Kimvita kinavyotofautiana na Kiunguja. Ni jambo la kustaajabisha, na pia ndilo lililomfungia mlango mkulima wa Molo. Lugha iliyozaliwa bwenini hufundishwa na bweni.

Katika Bonde la Ufa la kati mabweni hayo yana majina ambayo kila familia yenye mtoto kiziwi inayajua. Nakuru mjini ni Ngala, yenye shule ya msingi na ya sekondari. Ukipanda kuelekea Kericho unafika Kedowa, na ukishuka Litein kuna Mtakatifu Kizito. Kapsabet ipo, Iten ipo, na Kabarnet kuna shule ya watoto wasiosikia wala kuona, ambako ishara husomwa kwa kugusana mikono. Shule zilipofungwa, lugha ilisafiri na masanduku ya chuma hadi vijijini. Mtoto wa Ngala aliyerudi Mau Narok Desemba aliwafundisha ndugu zake ishara za "kula", "shule", "mama", "pesa", na Januari akaondoka nazo. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu ambayo mtu mzima wa eneo hili alikutana na lugha ya ishara: kupitia mtoto wa jirani, wakati wa likizo.

Mabadiliko yalipokuja, katika miaka ya 1980, yalikuja tena kwa mlango wa shule. Msomi aliyeyasukuma kuliko wengine alikuwa Michael Ndurumo, Mkenya aliyeziwika akiwa na miaka minane na aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 1980. Mwishoni mwa muongo huo Wizara ya Elimu iliacha kung'ang'ania midomo na kukubali ishara darasani. Lakini ishara zilizokubaliwa kwanza zilikuwa zile zinazofuata Kiingereza neno kwa neno, hata viambishi vya mwisho vikiwa na ishara zao. Si Kiingereza cha kuzungumzwa, wala si lugha ya bwenini. Lengo lilikuwa kumsaidia mtoto kuandika Kiingereza, na kwa lengo hilo mtu anaweza kuelewa hoja yake. Kwa matumizi ya kila siku ilikuwa mzigo. Kusema jambo dogo kwa namna hiyo kunachukua muda mrefu kiasi kwamba watoto waliitumia mbele ya mwalimu na kurudi kwenye lugha yao kengele ilipolia.

Hapa inafaa kumtaja mtu mwingine, kwa sababu historia ya ishara barani Afrika haisimuliki bila yeye. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, aliziwika akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Mwaka 1957 alifungua shule Ghana, na kabla ya kufa alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 katika nchi 13 za Afrika. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege aliyopanda kutoka Rwanda kuelekea Kenya ilipoanguka karibu na Gisenyi. Alfabeti ya vidole inayotumika Kenya leo, ya mkono mmoja, ni ileile ya Marekani, wala si ile ya mikono miwili ya Uingereza iliyotutawala.

Foster na Ndurumo wote waliwahi kusikia. Wote walikuwa na lugha ya mdomo kabla ya ishara. Hata hivyo waliingia katika ishara wakiwa watoto, kwa hivyo njia yao haikumfaa mpasua mbao wa Elburgon.

Kilichoiokoa lugha ya bwenini kilikuwa viziwi kujipanga. Chama chao cha kitaifa, KNAD, kiliundwa katikati ya miaka ya 1980, kikisaidiwa na viziwi wa Sweden. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya chini ya mwanaisimu Okoth Okombo, na mwaka huohuo kamusi ya kwanza ikatoka. Okombo, aliyefariki 2017, alikuwa mtu anayesikia, lakini alisema waziwazi jambo ambalo wizara haikuwa tayari kulisikia: mikononi mwa watoto hawa kulikuwa na lugha kamili, si Kiingereza kilichokatwakatwa. Mradi huo ulifundisha wakalimani na kuwakaribisha watu wazima kujifunza. Ulikuwa Nairobi, kilomita 160 kutoka Nakuru.

Kamusi yenyewe ilikuwa na picha za mikono na maana zake kwa Kiingereza. Ni jambo dogo, na hakuna aliyekusudia ubaya. Matokeo yake, hata hivyo, yanaonekana hadi leo katika meza za Nakuru. Mtoto kiziwi wa Kenya hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Ni haki yake na ni ushindi uliopiganiwa. Lakini ina maana kwamba kijana aliyemaliza Ngala anaandika Kiingereza, na Kiswahili chake cha kuandika huwa kidogo au hakuna. Sasa mkalishe kijana huyo na mama wa miaka 60 kutoka Bahati, aliyeziwika juzi, ambaye alisoma hadi darasa la nne na anaandika Kiswahili na Kikuyu tu. Mwalimu yupo, mwanafunzi yupo, nia ipo. Mama anaandika kwenye daftari: "Hii ni nini?" Kijana anasoma sentensi hiyo na kuinua mabega. Wote wawili ni Wakenya, wote hawasikii, na hawana maandishi ya kukutania. Katika nchi inayojivunia Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kutenga viziwi na maandishi yake ni kasoro ambayo wizara haijaipa uzito unaostahili.

Cha kuchekesha ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili angepaswa kupata nafuu. Katika Lugha ya Ishara ya Kenya neno la kuuliza mara nyingi hukaa mwisho: jina lako nani, unaenda wapi. Anayetoka kwenye Kiingereza hulazimika kuligeuza kichwani. Mswahili anasema hivyohivyo kila siku.

Pengine ugumu halisi hauko kwenye sarufi. Uko kwenye adabu. Mtu aliyelelewa vizuri katika nyumba ya Kikuyu, ya Kikipsigis au ya Kimaasai amefundishwa tangu utotoni kwamba kumkodolea mtu macho ni utovu wa heshima, hasa akiwa mkubwa wako, na kumnyooshea kidole ni tusi. Katika ishara kidole ndicho "wewe" na "yeye". Ukiangalia chini, umemnyamazisha mwenzako. Uso nao hufanya kazi ya sarufi: nyusi hupanda kwa swali la ndiyo au la, hukunjwa kwa swali la nani na wapi, mashavu hujaa hewa kuonyesha kitu kikubwa. Mzee aliyezoea kuheshimiwa kwa utulivu wa uso wake anaambiwa avimbishe mashavu mbele ya vijana. Wengine huacha hapo, hata kabla ya kufika herufi M, inayowakanganya karibu wanaoanza wote kwa kuwa inafanana sana na N: vidole vitatu juu ya gumba kwa moja, viwili kwa nyingine.

Vidole vya miaka 60 pia ni vidole vya miaka 60. Aliyeshika jembe maisha yake yote, au aliyepoteza ncha ya kidole kwenye msumeno, hutengeneza herufi kwa namna yake, na viziwi humwelewa, kama tunavyomwelewa mtu mwenye kithembe. Anajifunza pia mambo ambayo hayamo kamusini. Kumwita mtu, unamgusa bega au unakanyaga sakafu ya mbao apate mtetemo. Kuita chumba kizima, unazima na kuwasha taa. Makofi hupigwa kwa kupunga mikono hewani. Na baada ya muda, wakimzoea, viziwi humpa jina la ishara, linalotokana na kovu, pengo la meno, namna ya kuvaa kofia. Hajichagulii. Mtu mzima aliyebeba jina la babu yake anapewa jingine na vijana wa umri wa wajukuu wake, na siku hiyo ndipo hujua kwamba wamemkubali.

Aghalabu familia hujaribu kwanza njia nyingine. Kifaa cha kusaidia kusikia hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na betri zake ni za kununua tena na tena. Kwa mwenye upungufu wa wastani kifaa hicho ni msaada mkubwa. Kwa aliyeharibiwa sikio la ndani na sindano au homa, huenda kikaongeza kelele bila kuongeza maneno. Kusoma midomo nako huchosha, na mwaka 2020 watu wengi wa Nakuru waligundua jinsi njia hiyo ilivyo dhaifu. Korona ilipoingia nchini, kila mdomo ukafunikwa barakoa. Mtu aliyekuwa akijikongoja sokoni Wakulima kwa kuangalia midomo ya wauzaji alibaki gizani. Wakati huohuo, katika taarifa za kila siku za Waziri wa Afya Mutahi Kagwe, pembeni alisimama mkalimani wa ishara, na nchi nzima ikawa inamtazama kila alasiri. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba Wakenya wanaosikia waone ishara nyingi kiasi hicho kwa muda mrefu hivyo.

Mkalimani huyo hakuletwa na huruma ya mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa tayari imeagiza vituo vya televisheni viweke ishara au maandishi kwenye taarifa za habari, ingawa vingi vilichelewa kutii. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Na cha 120 kinaitaja kuwa moja ya lugha rasmi tatu za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Kortini, mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika hupewa mkalimani bila malipo. Yote haya ni mazuri. Lakini yanampa haki mtu ambaye tayari anajua ishara. Mkalimani aliyesimama mbele ya fundi wa Kaptembwo aliyeziwika mwaka jana hamfai kitu, na hakuna kifungu kinachosema ni nani atakayemfundisha fundi huyo.

Tatizo jingine ni kwamba mtu aliyeziwika ukubwani hahesabiki. Sensa ya 2019 iliwakuta Wakenya 153,361 wenye umri wa miaka mitano na zaidi walio na shida ya kusikia, katika nchi ya watu milioni 47. Nambari hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na makadirio ya dunia, na sababu moja ni rahisi kuiona katika nyumba yoyote ya Njoro. Karani anapouliza kama kuna mwenye ulemavu, familia inafikiria mtoto wa jirani anayesoma Ngala. Babu aliye pale pembeni, ambaye hajajibu salamu tangu mwaka juzi, "ni uzee tu".

Nakuru ikawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mtu mzima anayetaka kujifunza ishara humo leo ana njia kadhaa zisizo rasmi. Kuna ibada zenye mkalimani, ambako viziwi hubaki nje baada ya misa wakizungumza hadi alasiri, na anayeanza anaweza kusimama pembeni na kutazama. Kuna walimu wa shule za viziwi wanaofundisha jioni kwa malipo. Na kuna simu, iliyofanya makubwa kuliko sera yoyote. Viziwi wa Kenya waliishika SMS mapema, M-Pesa ilipokuja 2007 ikawaondolea foleni na maelezo ya dirishani, na sasa simu ya video imeondoa Nairobi katika hesabu: somo linaweza kutoka Kasarani hadi Subukia mradi bando lipo na mwanga wa dirisha unaangukia mikono.

Mtaala mpya ulipoingia, shule za kawaida ziliruhusiwa kuitoa Lugha ya Ishara ya Kenya kama somo la hiari kwa wanafunzi wa sekondari ya msingi wanaosikia. Walimu wake ni wachache na shule nyingi haziwezi kuitoa. Palipo na mwalimu, mwanafunzi wa miaka 13 anarudi nyumbani Mawanga na daftari la ishara, na maana zake, kama zilivyokuwa mwaka 1991, zimeandikwa kwa Kiingereza. Nyanya yake akitaka kulisoma, mjukuu anakaa chini na kalamu na kuandika Kiswahili pembeni ya kila picha.